Aliye Juu Amwone wa Chini: Je, Ni Haki Kupanga Likizo ya Theluji?

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, dada yangu mkubwa alinitumia orodha kwa simu. Dada ni muuguzi mjini Innsbruck, nchini Austria, na ana watoto wawili: mvulana wa miaka 11 na msichana wa miaka 8. Orodha ile ilikuwa ya likizo ya juma moja, mwezi wa Februari, katika kituo kimoja cha mapumziko cha milimani. Ilikuwa na chumba cha usiku sita, tiketi za lifti za kupandia mlimani, kukodi skii na viatu vyake, kofia ngumu tatu, mwalimu wa watoto kwa siku nne, nguo zisizopenya maji, bima, na mafuta ya gari la kuazima. Jumla iliandikwa chini na kupigiwa mstari: euro 2,800. Aliniomba niipitie kwa sababu katika familia yetu mimi ndiye mtu wa hesabu, ingawa ninasomea Kiswahili na fasihi.

Kosa langu lilikuwa kuisoma orodha hiyo kwa sauti nyumbani kwetu Kasese, baba mdogo akiwa ameketi mlangoni. Baba mdogo amekuwa mpagazi katika milima ya Rwenzori kwa zaidi ya miaka 25. Aliigeuza euro kuwa shilingi kichwani, akapata zaidi ya milioni 11, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mimi nimelipwa ili niingie kwenye theluji, na kila mara nilimwomba Mungu nitoke salama. Yeye analipa ili aanguke ndani yake?" Waliokuwapo wakacheka. Kicheko kilipokwisha, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba karo ya mdogo wetu, mwanawe wa tatu, ilikuwa haijalipwa tangu muhula wa pili. Hapo hakuna aliyecheka.

Insha hii imetokana na ukimya ule. Swali ninalotaka kulijadili ni hili: je, ni haki mtu kupanga starehe ya gharama, inayotegemea mlima na jasho la watu wengine, hali akijua kwamba wapo ndugu wenye shida na kwamba theluji yenyewe inapungua duniani? Sikusudii kumtetea dada yangu wala kumhukumu. Nakusudia kuonyesha kwamba jibu halipatikani katika starehe yenyewe. Linapatikana katika namna starehe hiyo inavyopangwa.

Kwanza nieleze kitu chenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunakiona kwenye televisheni tu. Skii ni mbao mbili nyembamba na ndefu, moja kwa kila mguu, zinazofungwa kwenye viatu vigumu. Ubao wa theluji ni mmoja na mpana, na mtu husimama juu yake kwa ubavu. Mchezaji hupandishwa mlimani na viti au vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo, kisha huteleza hadi chini. Njia zimepewa rangi kulingana na ugumu. Kule Austria, buluu ni rahisi, nyekundu ni ya wastani, na nyeusi ni ya wenye uzoefu. Nje ya njia hizo kuna theluji ambayo haijakanyagwa, inayopendeza macho na inayoua, kwa maana inaweza kuporomoka na kumfukia mtu. Ndiyo sababu kila siku ya majira ya baridi jimbo la Tirol, ambalo Innsbruck ndio mji wake mkuu, hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko kwa viwango kuanzia 1 hadi 5. Mtu anayekwenda huko bila kuisoma taarifa hiyo anacheza kamari, na dau lake ni uhai.

Sasa tuje kwenye hoja ya baba mdogo. Hoja hiyo haikuanza Kasese. Mwaka 1972 mwanafalsafa Peter Singer alichapisha makala kuhusu njaa na utajiri, akatoa mfano ambao wanafunzi wa falsafa wanaujua. Ukipita karibu na kidimbwi ukamwona mtoto anazama, utaingia majini umwokoe hata kama nguo zako zitaharibika, kwa kuwa nguo si kitu mbele ya uhai. Basi, anauliza Singer, kuna tofauti gani ya kimaadili kati ya mtoto huyo na mtoto aliye mbali, ambaye ungeweza kumwokoa kwa fedha unazozitumia kwenye vitu usivyovihitaji? Kwa mujibu wa hoja hii, euro 2,800 za theluji ni nguo tunazoogopa kuzilowesha.

Ninaiheshimu hoja hii, na sitaki kuikwepa kwa maneno matamu. Mtu anayesema "ponda mali, kufa kwaja" hajaijibu. Lakini nilipompigia dada simu na kumweleza, kwa uangalifu, yale yaliyosemwa nyumbani, alinijibu kwa swali ambalo nami sijalisahau. "Mdogo wangu," alisema, "wodini kwetu tuko wauguzi 14. Wote wanapanga Februari yao. Nani amewauliza kuhusu karo ya mtu?"

Kisha akanieleza jambo ambalo halikuwamo katika orodha. Kule Tirol kuteleza kwenye theluji ni sehemu ya kukua. Shule huwapeleka wanafunzi milimani kwa juma zima kujifunza. Mwanawe alikuwa ameanza kusema anaumwa tumbo kila safari hiyo ilipotajwa, kwa sababu darasani mwao yeye peke yake ndiye hakuwahi kuvaa skii, na kuna mtoto aliyemwambia kwamba watu wa kwao hawana haja ya theluji. Dada alikuwa ameweka akiba kwa miaka mitatu. Kwa baba mdogo, fedha zile ni za anasa. Kwa dada, ni karo pia, ila ni ya shule ya namna nyingine: shule ya kutokuwa mgeni katika nchi uliyozaliwa.

Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba hoja ya Singer, inapotumiwa kwa haraka, humwangukia zaidi yule aliye karibu na shida. Muuguzi mwenzake dada ana starehe kama yake na mshahara kama wake, lakini hana baba mdogo mlangoni. Hoja ambayo kwa asili ilikusudiwa kumsumbua kila mwenye nacho hugeuka kuwa mzigo wa mtoto wa maskini aliyefanikiwa kidogo. Hilo si haki. Ama tunawauliza wote, ama tunakiri kwamba tunachokiita maadili ni mazoea ya kuwatoza walio wetu.

Kuna pia lile neno la yule mtoto, kwamba theluji ina wenyewe. Historia ya michezo inalikanusha. Mwaka 1998, katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alishiriki mbio za skii za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie angeweza kwenda zake kupokea medali. Badala yake alisimama kwenye mstari wa mwisho kumngoja Boit, na alipofika akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Daehlie. Sisi tuna methali isemayo "aliye juu mngoje chini", na kwa kawaida tunaitumia kama onyo: mwenye kiburi ataanguka, nasi tutakuwapo kumpokea kwa kicheko. Siku ile Nagano, aliyekuwa juu ndiye aliyengoja. Nitairudia methali hii, kwa maana ndani yake nimepata msingi wa jibu langu.

Kabla ya hapo niseme kuhusu hoja ya pili, ambayo ni nzito zaidi kwangu kuliko ya fedha. Ni hoja ya mlima wenyewe.

Sisi Wakonzo tuliokulia chini ya Rwenzori tuna jina la theluji, nzururu, na wazee wetu walifundishwa kwamba Kitasamba, mwenye mlima, anakaa huko juu. Mwaka 1906 mwana wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo, alifika kilele cha Margherita, chenye mita 5,109. Wakati huo barafu ya Rwenzori ilikadiriwa kuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 6.5 hivi. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba, na tangu hapo imezidi kupungua. Baba mdogo hahitaji takwimu hizi. Yeye husema kwamba mahali alipokuwa akitoka kwenye mwamba na kukanyaga barafu kwa hatua moja, leo waongozaji wameweka ngazi.

Ni lazima tuwe wakweli. Barafu ya Rwenzori haikuyeyushwa na watoto wa dada yangu. Wala si kweli kwamba mito yetu yote itakauka barafu ikiisha. Wataalamu waliopima wanasema maji yatokayo kwenye barafu ni sehemu ndogo sana ya maji ya mito hiyo, na nyingi hutoka kwenye mvua. Mafuriko ya mto Nyamwamba yaliyoukumba mji wetu mwaka 2013 na tena mwaka 2020 yana sababu zake, na si vyema kuyabebesha jambo lolote tunalotaka kulilaumu. Hoja dhaifu haipati nguvu kwa kutiwa chumvi. Hata hivyo inabaki kweli kwamba joto linaloimaliza nzururu ni lilelile linaloimaliza theluji ya Ulaya, na kwamba magari na ndege zinazowafikisha watu kwenye vituo vya theluji zina mchango wao katika joto hilo. Starehe hii inakata tawi iliyolikalia.

Na wenyewe kule wanajua. Innsbruck iliandaa Olimpiki mwaka 1964, na majira hayo theluji ilikataa kuanguka. Wanajeshi wa Austria walilazimika kubeba theluji kutoka juu milimani na kuileta kwenye njia za mashindano, pamoja na maelfu ya vipande vya barafu kwa ajili ya mbio za sleji. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mashine zinazopuliza maji na hewa yenye mgandamizo wakati wa baridi, hadi matone yakaganda kabla ya kufika chini. Mashine hizo zinahitaji maji mengi, umeme mwingi, na baridi ya kutosha. Baridi ikikosekana, hazisaidii. Mwezi wa Februari mwaka 2020, kituo cha Luchon-Superbagnères katika milima ya Pyrenees, Ufaransa, kilikodi helikopta ikabeba tani zipatazo 50 za theluji kutoka sehemu ya juu na kuimwaga sehemu ya chini. Waziri wa mazingira alilalamika. Viongozi wa pale walijibu kwamba bila theluji hiyo watu wengi wangekosa kazi wakati wa likizo. Na sehemu iliyomwagiwa ilikuwa ipi? Ile ya wanaoanza kujifunza. Yaani watoto kama wa dada yangu.

Nilipofika hapa katika kufikiri kwangu nilikwama. Upande mmoja kuna mtoto anayetaka kuwa kama wenzake. Upande mwingine kuna mlima unaochakaa na karo isiyolipwa. Kusema "kila mtu aamue mwenyewe" ni kukimbia swali. Kusema "starehe ni dhambi" ni uongo, kwa sababu hata baba mdogo hunywa tonto yake jioni ya Jumamosi, na hakuna anayemwomba risiti.

Kilichonikwamua ni karatasi iliyokuja pamoja na orodha. Dada alikuwa amepiga picha kanuni za mteremkoni ambazo mwalimu huwasomea wanafunzi siku ya kwanza. Ni kanuni kumi, zilizowekwa na Shirikisho la Kimataifa la Skii, na toleo la kwanza lilipitishwa mwaka 1967. Katika nchi za milima ya Alps hata mahakama huzitazama wakati watu wamegongana. Kanuni ya kwanza yadai kila mtu ateleze bila kuwahatarisha wengine. Ya pili inamtaka aiweke kasi yake chini ya uwezo wake na hali ya mlima. Ya tatu ndiyo iliyonisimamisha: anayetoka nyuma, yaani aliye juu, ndiye mwenye wajibu wa kuchagua njia isiyomhatarisha aliye mbele yake, yaani aliye chini.

Tuitafakari kanuni hii. Haisemi kwamba wa chini ni mtu mwema au ana ustadi. Huenda ni mzembe, huenda amesimama mahali pabaya, huenda ameanguka kwa ujinga wake mwenyewe. Bado wajibu wa kwanza uko kwa aliye juu. Kwa nini? Kwa sababu mbili. Aliye juu anaona, na aliye chini hana macho kisogoni. Aliye juu ana kasi, na kasi ikimgonga mtu, aumiaye zaidi mara nyingi ni yule aliyesimama. Kuona na kuwa na nguvu ndiko kunakozaa wajibu. Anayepanda ubao mmoja anajua ugumu wake vizuri, kwa kuwa husimama kwa ubavu na kila anapogeuka kuna upande wa mteremko anaoupa mgongo. Kwake yeye kuangalia ni kazi ya makusudi. Asipogeuza shingo, hataona.

Methali yetu inamtaka wa chini awe na subira hadi mkubwa aanguke. Kanuni ya mlima inamtaka wa juu awe na macho kabla hajaanguka mtu. Naiona hii kuwa ni methali yetu ikisimamishwa kwa miguu yake. Nayo haipingani na utu kama tunavyoufundishwa. Mtu ni utu, na utu wa mwenye nguvu hupimwa kwa namna anavyopita karibu na asiye na nguvu.

Lakini kuna jambo lingine. Mteremkoni, mtu akishika kasi, nafasi ya kufikiri huwa imekwisha. Mwili hufuata kilichokwisha amuliwa: alichagua njia ya rangi gani, alijifunza siku ngapi, skii zake zilikazwa na nani, alisoma taarifa ya maporomoko au hakuisoma. Anayefukiwa na theluji ana nafasi nzuri ya kupona akichimbuliwa ndani ya dakika 15 hivi, na baada ya hapo nafasi hiyo hushuka kwa haraka. Kwa hiyo waokoaji hukimbilia kwenye mlima uleule ulioporomoka, wakijua unaweza kuporomoka tena. Bima hulipa helikopta. Hailipi baba wa mtu. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mtelezaji ni mtu mwadilifu, usimtazame akiwa mlimani. Tazama meza aliyopangia safari yake.

Jambo hili nilimwambia baba mdogo, nikitarajia abishe. Badala yake alinisimulia kisa. Miaka kadhaa iliyopita alikuwa katika msafara ulioanzia Nyakalengija. Mmoja wa wageni alikuwa amepanga safari kwa pupa: alipunguza siku moja ili awahi ndege, akaja na viatu vya mjini, na hakusema kwamba kifua chake kilikuwa na matatizo. Kufika kambi ya Elena, kwenye mita zaidi ya 4,500, alishindwa kupumua vizuri. Wapagazi wanne walimbeba kumshusha usiku, kwenye matope na mawe yenye utelezi. Mmoja alivunjika kifundo cha mguu na hakubeba mzigo tena mwaka ule. Mgeni alipona, akashukuru sana, akatoa bakshishi. "Hakuwa mtu mbaya," baba mdogo alisema. "Lakini sisi hatumjui mgeni kwa bakshishi. Tunamjua kwa mzigo aliofunga kabla hajafika."

Nadhani hakuna mwanafalsafa aliyenifundisha zaidi ya hapo. Mgeni yule alikuwa juu, kwa maana ya kanuni ya tatu. Yeye ndiye aliyeona ratiba yake, kifua chake na viatu vyake. Wapagazi walikuwa chini na hawakuwa na macho kisogoni. Alipokata siku moja kwenye karatasi, akiwa nyumbani kwake, ndipo alipomvunja mtu mguu.

Basi kupanga likizo ni kuwatafuta walio chini yako kabla hujaanza kuteleza. Katika orodha ya dada, ni nani? Yupo mtunza vyumba ambaye mara nyingi naye ni mhamiaji, na anayeendesha mashine za kusawazisha theluji usiku ili asubuhi njia iwe laini. Wapo wanakijiji wanaotumia maji yaleyale yanayopulizwa kuwa theluji. Yupo mtelezaji mwingine atakayekuwa amesimama bondeni wakati mvulana wa miaka 11 anashuka bila kujua kusimama. Yupo pia mdogo wetu wa Kasese. Na wapo watoto ambao hawajazaliwa, ambao watausikia mlima wenye nzururu kama hadithi. Hawa wa mwisho ndio wagumu kuliko wote, kwa sababu hawawezi kupiga kelele tupishe njia.

Msomaji anaweza kunipinga hapa: je, huku si kuwapa wenye nacho kitulizo cha dhamiri? Afikirie kidogo, atoe kidogo, kisha ateleze kwa raha zake. Ni pingamizi la haki, na sidhani nimelimaliza. Lakini kanuni ya mteremko haisemi "mfikirie aliye chini kisha mgonge taratibu". Inasema usimgonge. Ikiwa njia uliyoichagua haina nafasi ya kumpita kwa usalama, unapunguza kasi, na ikibidi unasimama. Yapo mapumziko ambayo, yakipimwa kwa kipimo hiki, hayafai kupangwa kabisa. Kuruka bara hadi bara kwa siku tatu za theluji, au kuteleza nje ya njia siku ambayo taarifa imetaja hatari ya kiwango cha 4, ni mipango ambayo haisahihishwi kwa mchango wa hisani. Tofauti ya msimamo huu na ule wa Singer ni kwamba yeye huanza kwa kuuliza ungeweza kutoa kiasi gani. Mimi nauliza kwanza ni nani aliye kwenye njia yako, na unaelekea wapi kwa kasi gani. Swali lake halina mwisho, na kwa hiyo watu wengi huliacha. Swali la mteremko lina jibu kila siku.

Pia linamhusu kila mmoja, si tajiri peke yake. Dada yuko juu ya mdogo wetu, lakini yuko chini ya wenye hoteli na chini ya macho ya wale wanaodhani theluji ina wenyewe. Nami mwanafunzi, ninayeandika insha hii chini ya taa, niko juu ya mtu. Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, wasema wahenga. Hata baba mdogo, alipocheka orodha ile mbele ya watu, alikuwa juu kidogo. Alikuwa na kicheko cha wote upande wake, na dada hakuwapo kujitetea.

Niliirudisha orodha bila kuikata wala kuisifu. Nilimwandikia tu maswali: ni nani aliye chini, na unaweza kumpita vipi? Alikaa kimya kwa siku tisa. Kisha akaleta orodha nyingine. Juma limekuwa siku tatu. Kituo cha mbali kimeachwa, na badala yake wataenda kwenye mlima ulio karibu na mji, unaofikika kwa basi, na kurudi nyumbani kulala. Gari la kuazima limeondoka, chumba kimeondoka. Mwalimu amebaki, tena kwa siku zote tatu. Vifaa ni vya kukodi. Chini aliandika maneno mawili tu, "Karo: tayari", na sikuuliza zaidi. Hakuwa ameacha kwenda. Alikuwa amechagua njia.

Sidai kwamba hesabu sasa iko sawa. Barafu ya Margherita haitarudi kwa sababu muuguzi mmoja amepanda basi, na kijana wa darasani huenda akapata neno lingine la kumwambia mpwa wangu. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba starehe si kosa, ila kupanga bila kutazama chini ni kosa, hata kama hatimaye hakuumia mtu. Tunaozoea kuwapima watu kwa wanachokula na wanachovaa tungefanya vyema kuwauliza walifungaje mzigo wao.

Mwezi wa Machi dada alituma video fupi. Mpwa wangu wa kike anashuka polepole, mikono imetanuka kama kifaranga, kisha anaanguka katikati ya njia. Nyuma yake anaonekana mtu mzima aliyepanda ubao, anakuja kwa kasi. Mtu huyo anageuza shingo, anamwona, anakata kona pana, anasimama upande wa juu yake na kubaki pale hadi mtoto ainuke. Baba mdogo aliomba aione tena, na tena. Mara ya tatu alinirudishia simu.

"Yule wa nyuma," alisema, "amefundishwa."